Saratani ya Matiti ya Kurithi: Dawa Inayoanza kwa Kuuliza Ukoo

Swali lilikuwa fupi. "Katika ukoo wenu, yuko mwanamke aliyewahi kuugua saratani ya matiti?" Naye akajibu upesi, "Hapana, daktari. Mama yangu yu mzima, alhamdulillahi, na khalati zangu wote ni wazima."

Jibu hilo halikuwa uongo. Lilikuwa nusu ya ukweli, na nusu ya pili ilibaki kimya kwa muda wa miezi minane.

Aliyenisimulia haya ni mkaazi wa Mombasa, mama wa watoto watatu na mwalimu wa watoto wadogo. Nilimkuta nyumbani kwake baada ya sala ya alasiri, akanikaribisha kahawa na kaimati, akazungumza hadi adhana ya magharibi. Ametuomba tusilitaje jina lake. "Lau ningekuwa mimi peke yangu, ningelitoa," alisema. "Lakini jina langu lina marehemu baba ndani yake, lina kaka zangu, lina na mabinti ambao bado hawajaolewa." Basi tumelisitiri jina, na kisa tumekiacha kama kilivyo.

Mashangazi wasiotajwa

Uvimbe aliugundua mwezi wa Novemba 2022 alipokuwa akikoga. Ulikuwa mdogo kama kokwa ya ubuyu, mgumu, na haukumuuma. Kwa kuwa haukuuma, aliuacha wiki sita. Alipokwenda hospitali alikatwa kinyama kidogo kikapimwa, na majibu yakasema ni saratani, tena ni ya ile aina isiyokuwa na vile vipokezi vitatu ambavyo madaktari huvitafuta: viwili vya homoni, na cha tatu kiitwacho HER2. Aina hii huwapata zaidi wanawake wenye umri mdogo na wanawake wenye asili ya Kiafrika. Dawa za kuzuia homoni haziiwezi, wala zile zinazolenga HER2.

Alianza kwa tibakemikali, ambayo wengi wetu tunaiita kemo. Nywele zikapukutika. "Nje buibui na mtandio vilinisitiri," alisema, "lakini ndani ya nyumba watoto walikuwa wakiniona." Mwezi wa Julai 2023 akafanyiwa upasuaji, na katika nyama iliyotolewa yakakutwa masalia ya saratani ambayo kemo haikuyamaliza.

Hapo ndipo daktari mwingine, kijana kuliko wa kwanza, alipouliza swali lile lile kwa njia nyingine. Hakusema "ukoo wenu". Alichukua karatasi, akachora mti wa ukoo, kisha akasema: "Nitajie dada za baba yako mmoja mmoja. Kila mmoja yu hai au amefariki, na kama amefariki, alikuwa na umri gani na aliumwa nini."

Baba yake alikuwa na dada watatu. Wa kwanza alifariki akiwa na miaka thelathini na minane, na nyumbani ilisemekana kwamba alikuwa na jipu la kifuani lisilopona. Wa pili alifariki kabla hajatimiza hamsini. Tumbo lake lilijaa maji, na watu wakasema ni kijicho. Wa tatu yu hai, naye ni mtu mzima sana. Daktari aliposikia habari za yule wa pili, aliweka kalamu chini. Kumbe tumbo kujaa maji ni moja ya dalili za saratani ya ovari, na saratani ya ovari pamoja na ya matiti mara nyingine hutoka katika shina moja.

Mpenzi msomaji, hebu tujiulize. Sisi watu wa pwani tunajivunia kuijua nasaba yetu. Wako miongoni mwetu wanaoweza kutaja fulani bin fulani hadi babu wa saba, na kueleza kila mmoja alitoka mji gani. Lakini mlolongo ule ni wa wanaume. Shangazi akiolewa huingia katika nyumba nyingine, akifa huzikwa na kusomewa hitima, na maradhi yaliyomuua husahauliwa kabla ya mwaka kwisha. Ni wangapi kati yetu tunaoweza kusema kwa hakika mama wa baba yetu alikufa kwa ugonjwa gani?

Jeni mbili zilizobadilisha mambo

Zamani wataalamu wengi hawakuamini kwamba maradhi mazito kama saratani ya matiti yanaweza kurithiwa kupitia jeni moja. Mwaka 1990 mtaalamu wa Marekani, Mary-Claire King, akiwa katika Chuo Kikuu cha California kule Berkeley, alionyesha kwamba katika baadhi ya familia hitilafu ilikuwa mahali pamoja katika kromosomu ya 17. Jeni yenyewe ikapatikana mwaka 1994, nayo ndiyo iitwayo BRCA1. Mwaka uliofuata, watafiti wakiongozwa na Michael Stratton nchini Uingereza wakaipata ya pili, BRCA2, katika kromosomu ya 13.

Jeni hizi si mbaya. Kila mwanadamu anazo, na kazi yake ni kuulinda mwili. Tatizo hutokea pale mtu anaporithi nakala yenye hitilafu. Saratani nyingi za matiti si za kurithi; katika kila wagonjwa 100, ni kama 5 hadi 10 tu ambao maradhi yao yametokana na jeni walizorithi. Lakini kwa mwanamke aliyeirithi hitilafu hiyo hatari ni kubwa. Utafiti mpana uliochapishwa mwaka 2017 ulikadiria kwamba katika kila wanawake 100 wenye hitilafu ya BRCA1, kiasi cha 72 watapata saratani ya matiti kabla ya kufika umri wa miaka 80, na 44 watapata ya ovari. Kwa BRCA2 makadirio yalikuwa 69 na 17.

Na jambo ambalo kila mzazi anapaswa kulijua ni hili: hitilafu hii haichagui upande. Baba huweza kuirithisha sawasawa na mama, na kila mtoto wa mzazi mwenye nayo, awe wa kiume au wa kike, ana uwezekano wa nusu kwa nusu kuipata. Mwanamume aliyeirithi huenda asiugue maisha yake yote, lakini akawapa binti zake. Na wapo wanaume wanaougua saratani ya matiti au ya tezi dume kwa sababu hiyo hiyo.

Kwa miaka mingi kampuni moja nchini Marekani ilikuwa na hakimiliki juu ya jeni hizi, na kipimo chake kilikuwa ghali mno. Mwezi Juni 2013 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo iliamua kwamba jeni iliyoumbwa ndani ya mwili haiwezi kumilikiwa na kampuni. Baada ya hapo maabara nyingine zikaruhusika kupima, na bei zikaanza kushuka.

Jahazi na mafundi wawili

Dawa aliyopewa mama huyu inaitwa olaparib. Ili kuifahamu, tufikirie jahazi lililo baharini. Kila siku maji na jua hulitafuna, na nyufa hazikosi. Basi lina mafundi wawili. Mmoja ni wa kalafati: huziba nyufa ndogondogo kwa pamba na mafuta kabla hazijapanuka. Wa pili ni fundi wa mbao, naye huitwa pale ubao unapovunjika kabisa.

Ndani ya kila seli ya mwili ule uzi wa jeni hukatikakatika kila siku, na unahitaji mafundi. Fundi wa kalafati ni protini iitwayo PARP. Fundi wa mbao ni zile protini za BRCA. Mtu aliyerithi hitilafu bado ana nakala moja nzima aliyoipata kwa mzazi wa pili, kwa hiyo seli zake za kawaida zina mafundi wote wawili. Lakini seli iliyogeuka kuwa saratani mara nyingi imeipoteza na ile nakala nzima. Imebakiwa na kalafati peke yake.

Dawa hii humfunga mikono huyo wa kalafati. Nyufa ndogo huachwa, zikawa mivunjiko mikubwa. Seli ya kawaida hustahimili, kwa kuwa fundi wa mbao yupo. Seli ya saratani haina wa kuitengeneza, nayo huzama. Ndiyo maana inaitwa tiba lengwa: huulenga udhaifu ule ule ulioleta maradhi. Fikra hii ilithibitishwa maabarani na makundi mawili ya watafiti wa Uingereza, moja la Sheffield na moja la London, ambayo tafiti zao zilitoka pamoja katika jarida la Nature mwaka 2005.

Je, inafaa? Tuseme kweli bila kupamba. Kwa wagonjwa ambao saratani ilikuwa imeshasambaa mwilini, utafiti wa wanawake na wanaume 302 uliotolewa mwaka 2017 ulionyesha kwamba dawa hii iliyazuia maradhi yasiendelee kwa miezi 7 kwa wastani, ikilinganishwa na miezi 4.2 kwa waliopewa kemo ya kawaida. Ni nafuu, si kupona. Mamlaka ya dawa ya Marekani iliidhinisha matumizi hayo Januari 2018, na baadaye mwaka huo ikaidhinisha nduguye, talazoparib.

Matumaini makubwa zaidi yalikuja mwaka 2021. Wagonjwa 1,836 ambao maradhi yao hayakuwa yamesambaa, lakini yalikuwa na hatari kubwa ya kurudi, walipewa vidonge hivi au vidonge visivyo na dawa kwa mwaka mmoja baada ya kumaliza kemo na upasuaji. Baada ya miaka mitatu, karibu 86 katika kila 100 waliotumia dawa walikuwa hai bila saratani kurudi, ilhali kwa wale wengine walikuwa 77. Mama huyu alikuwa katika hali hasa ya wagonjwa hao. Lakini dawa hupewa tu yule ambaye kipimo kimeonyesha hitilafu ya BRCA. Lau lile jibu lake la kwanza lingebaki vile vile, asingepimwa.

Mwaka wa vidonge vinne

Sampuli ya damu yake ilisafirishwa nje ya nchi, na majibu yakachukua wiki kadhaa: BRCA1. Baada ya tiba ya mionzi akaanza dawa mwezi wa Novemba 2023, vidonge viwili asubuhi na viwili jioni.

Gharama ilikuwa mzigo. Mumewe aliuza kiwanja walichokinunua kwa ajili ya kujenga. Jamaa wakaanzisha mchango, na hapo ukazuka mvutano wa kwanza: mchango wa nini? Kaka yake mkubwa alitaka iandikwe tu kwamba dada yao anaumwa. Mume akasisitiza ugonjwa utajwe. Mwishowe uliandikwa "saratani", bila neno "matiti" wala neno "kurithi".

"Watu hudhani kidonge ni chepesi kuliko sindano," aliniambia. "Ni kweli sikulazwa, na nywele zangu ziliota tena. Lakini miezi miwili ya kwanza kichefuchefu kilinifanya niichukie hata harufu ya mchele ukichemka. Na uchovu ule si uchovu wa kazi. Nilikuwa nikikaa kitako kwenye ngazi ya nyumba yangu mwenyewe, nikiomba Mungu anipe nguvu za kufika juu."

Kila mwezi alipimwa damu, kwa sababu dawa hii hugusa uboho wa mifupa unaotengeneza damu. Mwezi wa tatu damu yake ilishuka. Dawa ikasimamishwa kwa wiki mbili, akaongezewa damu, kisha akarudishwa kwa kipimo kidogo zaidi. Alikatazwa balungi na danzi, maana matunda hayo huifanya dawa izidi mwilini. Mwanamke anayetumia dawa hii pia hatakiwi kushika mimba wala kunyonyesha. Na daktari alimweleza wazi kwamba kwa wachache sana huweza kuja baadaye maradhi mazito ya damu, kwa hiyo ufuatiliaji hauishi vidonge vinapokwisha.

Ramadhani ya mwaka 2024 ilimkuta katikati ya matibabu. Alitamani kufunga, akapanga kumeza dawa kwenye futari na daku. Daktari akamkataza kwa sababu ya upungufu wa damu. Sheikh wa mtaani aliyemwendea alimkumbusha kwamba mgonjwa amepewa ruhusa na Mola wake, na atalipa akipona. "Siku ya kwanza nililia," alisema. "Nilikuwa jikoni nawapikia wafungaji, nami ninakunywa maji. Siku ya pili nikasema, hii nayo ni ibada. Nameza kidonge kwa bismillahi." Novemba 2024 alimaliza. Siku alizokula amekwishazilipa zote.

Mzigo mzito kuliko dawa

Nilimuuliza ni lipi lililokuwa gumu zaidi. Nilitarajia aseme upasuaji. Alisema ni kupiga simu.

Majibu yale hayakuwa yake peke yake. Kwa kuwa hitilafu ilitoka upande wa baba, kaka zake na watoto wa mashangazi zake wote walikuwa katika hatari. Kaka mkubwa ana binti wawili, na wa kwanza, mwenye miaka ishirini na minne, alikuwa ameshaletewa posa. "Ukilisema hili," kaka alimwambia, "utawafungia wanangu milango."

"Nilimwambia, kaka, mashangazi zetu mambo yao yalisitiriwa, nao waliolewa wote. Na wote wawili waliacha watoto wadogo."

Alikaa na jambo hilo miezi minne. Kisha akawapigia binamu zake, mmoja baada ya mwingine. Wawili wakakubali kupimwa. Wa kwanza, mwenye miaka thelathini na minne, alikutwa nayo. Hana saratani, na sasa kila mwaka hupigwa picha ya matiti kwa mashine ya sumaku, ili kikitokea kitu kionekane kingali kidogo. Wa pili alikutwa hana. "Huyo asiyekuwa nayo ndiye aliyelia zaidi," aliniambia. "Mama yao ni mmoja. Alisema, kwa nini nisalimike mimi peke yangu?"

Habari zikamfikia yule bintiye kaka. Hakusubiri ruhusa ya mtu. Alimwendea mama wa mchumba wake, akamweleza mwenyewe yaliyomo katika ukoo wao na kwamba yeye bado hajapimwa. Mama yule hakusema kitu. Alinyamaza wiki nzima, na nyumba ya kaka ikawa kama ina msiba. Siku ya nane alipiga simu. Hakuuliza habari za posa. Aliuliza kama kipimo kile kingemfaa dada yake, ambaye alikuwa na uvimbe na alikuwa akiuficha.

Ufanye nini, ewe msomaji?

Si kila mwenye saratani ya matiti anahitaji kipimo hiki. Lakini zungumza na daktari ikiwa katika ukoo wako, upande wa mama au wa baba, yuko mwanamke aliyeugua saratani ya matiti kabla ya miaka hamsini. Aliyeugua saratani ya ovari. Aliyepata saratani katika matiti yote mawili. Au mwanamume aliyeugua saratani ya matiti. Mwenye ile aina isiyo na vipokezi vitatu naye aulize.

Inapowezekana, aanze kupimwa yule aliyekwisha kuugua. Ikipatikana hitilafu kwake, jamaa wengine watajua ni kitu gani hasa cha kutafutwa. Omba pia kupewa nasaha kabla ya kipimo na baada yake, kwa maana majibu ni ya aina tatu: ipo, haipo, au kuna badiliko ambalo maana yake bado haijafahamika. Jibu hilo la tatu hutokea zaidi kwetu sisi Waafrika, kwa sababu jeni zetu zimechunguzwa kidogo. Na uliza mapema bima yako italipa nini na nini utajilipia.

Aliyekutwa na hitilafu hakuhukumiwa kifo. Iko njia ya uchunguzi wa mara kwa mara, na uko upasuaji wa kinga, ukiwemo ule wa kuondoa ovari kwa aliyekwisha kupata watoto. Kujua si kushindana na kadari ya Mwenyezi Mungu. Dini yetu imetuhimiza kutafuta tiba, na tiba hii haipatikani bila ya kujua. Wazee wetu walisema, mficha maradhi kifo humuumbua.

Kaka mkubwa hadi leo hajapimwa. Binti yake anasema anataka waende pamoja, na dada yake amekwisha kumweleza mara nyingi lile ambalo daktari alimwambia: baba akikutwa hana hitilafu ile, binti zake wote wawili hawana haja ya kuitafuta, kwa kuwa hakuwa nayo ya kuwapa. Damu kidogo ya mzee mmoja, na huenda mabinti wawili wakalala usingizi.

"Sijakata tamaa naye," aliniambia tulipokuwa tukiagana mlangoni. "Juzi alikuja kunitazama. Akakaa kimya, akanywa kahawa. Alipoondoka akaniuliza, marehemu shangazi alikuwa na miaka mingapi hasa?"

Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu, awarehemu mashangazi zetu waliotangulia, na atujaalie ujasiri wa kusema yanayookoa. Amin.